Sanduku la kufuli tatu: mizunguko minne ndani ya kikundi cha hisa, Tanga

Mimi ni fundi cherehani, nashona barazani kwa watu huku Ngamiani, Tanga. Siku nzuri narudi nyumbani na elfu kumi na tano, siku mbaya narudi mikono mitupu. Nina watoto wawili, nalipa kodi ya chumba na sebule, na mshahara sijawahi kupokea tangu nizaliwe. Natanguliza haya ili msomaji ajue maneno haya yanatoka kwa mtu wa kipato gani. Anayeingiziwa pesa benki kila tarehe 25 atakiona kikundi cha hisa, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, kwa jicho jingine, na ana haki yake.

Kikundi chetu tulikianza Mei 2022, wiki moja baada ya Idi. Tulikuwa wanawake 24: wauza mihogo, wasusi, mafundi, wawili wauza samaki soko la Mgandini, mmoja mfanyakazi wa ndani. Mpaka Novemba 2025 tumevunja mara nne. Kuvunja ndiyo kugawana: sanduku linafunguliwa, pesa yote inahesabiwa, kila mtu anabeba chake, tunaanza mzunguko mpya. Hapa mtaani wengi wanaita kila kikundi VICOBA. Sisi tunafuata mfumo wa hisa za wiki na sanduku, ule ambao mwalimu aliyetufundisha alisema ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, na baadaye ukavuka mpaka Zanzibar kwenye vijiji vya kando ya msitu wa Jozani. Nilipenda kusikia hivyo. Wanawake wa Niger hawakuwa na benki wala simu, wakaanza na walichokuwa nacho.

Nikitakiwa kutoa nyota, natoa nne kati ya tano. Ile moja niliyoibana nitaieleza.

Kwanza vifaa, maana vina gharama na hakuna anayezitaja mapema. Sanduku letu ni la bati nene, tulichongewa na fundi wa vyuma, lina pete tatu za kufuli. Pamoja na kufuli zake lilitugharimu shilingi 65,000. Ukiongeza madaftari madogo ya wanachama, mihuri, wino, mabakuli mawili ya plastiki, mfuko wa kitambaa wa kutunzia mfuko wa jamii (pesa ya kusaidiana kwenye ugonjwa na msiba) na leja ya mikopo, jumla ilifika 118,000. Kila mmoja alitoa 5,000, na ile 2,000 iliyobaki ikawa shilingi ya kwanza ya mfuko wa jamii. Sanduku halijatuangusha mpaka leo. Kufuli ndizo zilitusumbua. Tanga ni pwani, hewa ya chumvi inakula chuma, na baada ya miezi mitano tu kufuli moja ilikataa kufunguka, tukamwita fundi akaikata mbele ya wanachama wote. Tangu hapo kila mwezi natia tone la mafuta ya cherehani kwenye tundu la kila kufuli. Kazi hiyo nimepewa mimi, na iko kwenye kumbukumbu za kikao.

Tunakutana Jumapili saa kumi jioni, uani kwa mwanachama mmoja, chini ya mwembe. Tunakaa kwa namba kuzunguka mkeka. Mimi ni namba 17. Watunza funguo watatu, ambao hakuna hata mmoja wao aliye kiongozi, wanakuja mbele, kila mmoja na ufunguo wake. Mmoja akikosekana, sanduku halifunguki. Mwaka wa kwanza mtunza ufunguo mmoja alifiwa, akaenda Korogwe na ufunguo ukiwa umefungwa kwenye pindo la khanga yake. Kikao hakikufanyika. Wapo walionuna siku ile. Mimi nilirudi nyumbani nimetulia moyo, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba watu 23 tukiwa tumekaa palepale, na sanduku liko katikati yetu, hatukuweza kuigusa pesa. Baadaye tukaweka sharti kwamba anayesafiri anakabidhi ufunguo mbele ya mashahidi wawili.

Likishafunguliwa, mwenyekiti anauliza: "Jumapili iliyopita mfuko wa jamii ulibaki na shilingi ngapi?" Wote tunajibu kwa sauti, kwa kichwa, bila kutazama daftari. Ukikosea, faini mia mbili kwenye bakuli. Mwanzoni nililiona jambo la kitoto. Kumbe kwa mama ambaye hakusoma, na kwetu wapo watatu, kile kichwa ndicho daftari lake. Akisikia tarakimu tofauti na aliyoibeba wiki nzima, anainua mkono. Mara mbili katika miaka hii wameinua mkono, na mara zote mbili katibu ndiye alikuwa amekosea kujumlisha.

Halafu tunaitwa kwa namba kununua hisa. Hisa moja ni shilingi 2,000. Wiki moja unanunua kuanzia moja hadi tano, haizidi hapo. Wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, katibu anagonga muhuri mmoja kwa kila hisa kwenye daftari lako, na nafasi zilizobaki za wiki hiyo zinapigwa mstari papo hapo ili asije mtu akaongeza muhuri usiku. Daftari nalo halitoki. Linarudi sandukuni pamoja na pesa.

Kabla ya kikundi nilishapita njia nyingine, na nitazisema kwa haki.

Kibubu nilikuwa nacho, cha mbao, chenye tundu juu. Nilikitoboa kwa kisu mara mbili, ya kwanza luku ilikata usiku mtoto ana homa, ya pili sikumbuki hata sababu. Kibubu ni rafiki wa mtu mwenye moyo mgumu.

Upatu nimecheza miaka sita. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: cherehani yangu ya kwanza, Butterfly ya miguu, niliinunua kwa zamu yangu ya upatu. Unaweka elfu tano kila siku ya tatu, zamu yako ikifika unashika pesa ya maana kwa mkupuo. Ila pesa haizai, unatoka na kilekile ulichoweka, na kila kitu kimelala mkononi mwa kijumbe. Kijumbe wetu wa mwisho alihama mtaa zamu saba zikiwa bado. Yangu, ya tisa, ilikuwa miongoni mwa hizo saba.

Na nimekopa kausha damu. Mwaka 2021 nilichukua 150,000 kwa mkopeshaji mmoja hapa mjini. Mkononi niliwekewa 135,000, nikaambiwa 15,000 ni ya fomu. Rejesho lilikuwa 15,000 kila wiki kwa wiki kumi na mbili, yaani 180,000. Kwa hiyo nilitumia 135,000 kwa miezi mitatu nikalipa 45,000 juu yake. Wiki ya nane nilichelewa. Vijana wawili wakaja saa moja asubuhi, wakakaa kwenye benchi la wateja wangu, hawakutukana wala hawakushika kitu, walikaa tu. Mteja wa kwanza alipofika kuchukua dera lake na kunipa pesa, mmoja alinyoosha mkono nikampa palepale. Yule mteja hajarudi kwangu mpaka leo. Mwanamke yeyote anayefikiria mikopo ile namwomba apige hesabu ya kwenye karatasi kwanza, kama nilivyoipiga hapa, kabla hajaweka dole gumba.

Sasa mzunguko wa kwanza wa kikundi. Tulikopeshana kwa asilimia 5 kwa mwezi, mkopo usizidi mara tatu ya hisa zako, muda usizidi miezi mitatu. Nilinunua hisa 131 kwa mwaka, shilingi 262,000. Kikundi kizima kilikuwa na hisa 3,120. Tulipovunja, kila hisa ya 2,000 ilikuwa 2,640. Nikapewa 345,840. Yaani nyongeza ya 83,840, karibu theluthi ya nilichoweka, ndani ya mwaka.

Watu wakitangaza vikundi huishia hapo, na mimi naomba nisiishie hapo. Katika mwaka huo nilikopa 200,000 kwa miezi mitatu, nikalipa 30,000 juu yake. Ile 30,000 iliingia sandukuni, ikagawanywa kwa wote, kidogo ikanirudia. Kwa hiyo katika ile 83,840 sehemu nzuri ilitoka kwenye mfuko wangu mwenyewe. Faida ya kikundi haishuki kutoka mbinguni, ni sisi tunaolipana. Anayenunua hisa nyingi bila kukopa anavuna kutoka kwa anayekopa sana na kununua hisa chache, na mara nyingi huyu wa pili ndiye maskini zaidi. Kwetu alikuwa yule dada wa kazi za ndani. Alinunua hisa moja kwa wiki, akakopa kila aliporuhusiwa. Siku ya kuvunja nyongeza aliyopata ilikuwa ndogo kuliko riba aliyolipa. Nilikaa naye nikamhesabia kwa kalamu, akalia, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Kosa letu kubwa la mwaka ule, hata hivyo, lilikuwa tarehe. Tulichagua kuvunja wiki moja kabla ya Idi, kwa furaha, tukijua kila mtu atahitaji pesa. Na kweli kila mtu alihitaji. Nilibeba 345,840 zangu Jumapili. Nguo za watoto, viatu, nyama, mchango wa harusi ya binti wa jirani, deni la duka, nauli ya kwenda kwa mama Muheza na zawadi ya mkononi. Siku ya kumi na moja nilikuwa na 60,000. Kikundi kilikuwa kimenifanyia kila kilichoahidi, na mimi nilikuwa palepale nilipokuwa Mei ya mwaka uliotangulia, isipokuwa watoto walikuwa wamependeza.

Nilipiga kelele kwenye kikao cha kwanza cha mzunguko wa pili. Nilisema sisi tunavunja kwa kalenda ya kutumia, tuvunje kwa kalenda ya kuzalisha. Shule zinafungua Januari. Fundi anayepata pesa mwishoni mwa Novemba ananunua tetroni ya sare kabla bei haijapanda, anashona Desemba nzima, Januari anauza. Muuza mihogo hakujali tarehe, ila wasusi waliniunga mkono kwa sababu Desemba ni msimu wao wa nywele. Tukapiga kura, tukafupisha mzunguko wa pili uwe wa miezi saba, tuvunje Novemba 2023.

Kikao hichohicho kilitaka kutuvunja kabisa kwa jambo jingine. Kwetu Tanga suala la riba si dogo. Wanawake watatu walisema waziwazi kwamba mwaka mzima hawakulala vizuri, ile nyongeza hawaitaki tena, nao wanatoka. Walitoka. Tukabaki 21 tukitazamana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekula ile pesa na nilikuwa naijua dini yangu inasema nini. Mume wa mwanachama mmoja ni ustadhi wa madrasa. Tulimwomba atukalie jioni moja. Hakutugombeza. Alituuliza tunakopa kwa ajili ya nini. Tukataja: jora la kitambaa, gunia la mchele, nywele za bandia, friji ya kuuzia juisi. Akasema basi kikundi kinunue kitu hicho, kikimiliki, kikiweke mkononi, kisha kimuuzie mwanachama kwa bei inayojulikana, faida itajwe wazi, alipe kidogokidogo, na akichelewa bei isiongezeke hata senti. Anayeumwa au kufiwa akopeshwe kutoka mfuko wa jamii na arudishe kilekile.

Hivyo ndivyo tunavyofanya tangu Mei 2023, na kwangu mimi hapa ndipo kikundi kilipopata maana yake. Mfano wangu: kikundi kilinunua majora mawili ya tetroni kwa 320,000, nikauziwa kwa 350,000, nikalipa 35,000 kwa wiki kumi. Wanachama wawili ndio wanaokwenda dukani, risiti inawekwa sandukuni, na nauli yao inaingizwa kwenye gharama. Ni kazi zaidi kuliko kuhesabu noti tu. Kuna Jumapili tumekaa mpaka adhana ya magharibi tukibishana juu ya bei ya mchele. Lakini angalia kilichobadilika: huwezi tena kuchukua "mkopo wa biashara" ukaununulia kochi. Unapokea kitambaa, na kitambaa hakiliwi. Ukikosa kukishona unacho chumbani kinakutazama. Na faini ya kuchelewa inakwenda mfuko wa jamii, haigawanywi siku ya kuvunja, kwa hiyo hakuna anayeombea mwenzake achelewe.

Kwa tarakimu, faida ilishuka. Mzunguko wa pili hisa ya 2,000 ilikuwa 2,190, wa tatu 2,310, wa nne 2,350. Ule wa riba ulikuwa umetoa 2,640. Mtu anayepima kikundi kwa namba hiyo pekee ataona tumeharibikiwa. Mimi mwaka wa 2,640 ulinikuta na kunipita. Mwaka wa 2,190 ndio ulioninunulia mashine.

Ilikuwa hivi. Novemba 2023 nilikuwa na hisa 96, nikapata 210,240. Safari hii nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, wiki tatu kabla, pesa inakwenda wapi, nikampa dada yangu karatasi aishike. Jumatatu saa tatu asubuhi nilikuwa dukani. Tetroni nyeupe, ya bluu, na kaki, zipu, vifungo, uzi, ndoano. Nikashona mashati na sketi za shule Desemba yote mpaka vidole vikavimba. Januari niliuza karibu zote. Mwezi wa pili nilimlipa fundi aliyekuwa anafunga ofisi yake 380,000, nikachukua ovaloku yake kuukuu.

Anayejua kushona ananielewa. Ovaloku inafunga pindo za ndani nguo isichanike nyuzi. Mafundi wengi wa barazani hawana, wanapeleka nguo kwa mwenye nayo na kulipa. Mtaani kwetu nilikuwa nalipa mimi. Sasa wanalipa kwangu, shilingi 300 kwa vazi. Siku ya kawaida napiga mavazi kumi na mawili, 3,600. Kwa siku sita ni 21,600. Hisa tano za wiki ni 10,000. Tangu ile mashine iingie sijawahi kwenda kikaoni na hisa moja kwa sababu ya kukosa, isipokuwa wiki nane za deni la mtu nitakazozieleza. Mashine inaninunulia hisa zangu tano na umeme inajilipia, na pesa ya kushona nguo inabaki ya chakula na ada.

Sasa ile nyota niliyoibana.

Mwaka 2024 mwanachama mmoja aliuziwa friji na kikundi. Deni lilikuwa 240,000, hisa zake zilikuwa 80,000, yaani mara tatu kamili kama sheria inavyoruhusu. Wadhamini wake tulikuwa wawili, mmoja ni mimi. Nilimdhamini kwa sababu ni mtu wa kucheka, tumepeleka watoto kliniki pamoja. Akauza friji, akahamia Dar es Salaam, simu haipatikani. Hisa zake zikakatwa, ikabaki 160,000. Nikalipa 80,000, elfu kumi kila Jumapili kwa wiki nane, na katika wiki hizo nane nilinunua hisa mojamoja. Mfumo ulifanya kazi yake, kikundi hakikupoteza shilingi. Aliyepoteza ni mimi na mwenzangu. Nilipendekeza ukomo ushuke kutoka mara tatu ya hisa hadi mara mbili, na kitu kikubwa kama friji kibaki kwa jina la kikundi mpaka kimalizike kulipiwa. Vyote vilipitishwa. Atakayeingia kikundi kinachoruhusu mara tatu na ahesabu kabisa kwamba kudhamini ni kulipa, kisha aamue anamdhamini nani.

Jambo la pili ni wiki za mwisho. Mwezi mmoja kabla ya kuvunja hatuuzi tena kitu kwa mkopo, madeni yote yanarudi, na sanduku linajaa mamilioni ndani ya nyumba ya mtu yenye mlango wa mbao. Mtunza sanduku wetu mwaka 2024 alilala sebuleni wiki tatu. Haifai. Mwaka 2025 tulifungua akaunti ya kikundi kwa ajili ya wiki hizo, pesa inakwenda huko na kutolewa asubuhi ya kuvunja na watu watatu. Vikundi vingine vinatumia huduma za simu kama M-Koba ya Vodacom. Wanachama wetu wakubwa kwa umri walitaka kuiona pesa kwa macho, tukawaheshimu, kwa hiyo sanduku lipo mwaka mzima na benki ni ya mwezi wa mwisho tu.

La tatu ni dari. Hisa tano kwa wiki, basi. Mtu akianza kupata zaidi, kikundi hakina pa kumwekea. Dari ile inalinda wadogo wasimezwe, nami naitetea, ila ni kweli kwamba kikundi kinakufikisha mahali fulani halafu kinakuacha utafute pengine.

Na usajili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi kama chetu, inaviweka daraja la nne. Sisi tulichelewa, tulisajili 2024 kupitia halmashauri. Tulikwenda mara tatu, mara katiba ya kikundi ina kasoro, mara mihtasari ya vikao haijasainiwa. Inafaa kuvumilia, kwani ndiyo njia ya kufikia ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ambayo haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Hatujaomba bado. Wengine wetu wana hamu, mimi nasema tuombe siku tutakapokuwa na kitu kimoja cha pamoja cha kununua kinachozalisha, kama mashine ya kusaga, siyo tugawane.

Dada wa kazi za ndani bado yuko nasi. Hisa yake ni ileile moja, ila tangu tuache riba hatoki tena na upungufu. Mwaka 2025 alinunuliwa na kikundi sufuria kubwa na jiko la mkaa, Jumamosi na Jumapili asubuhi anapika supu ya utumbo karibu na stendi.

Mzunguko wa tatu, pamoja na lile deni la udhamini, nilikuwa na hisa 198, nikapata 457,380. Wa nne hisa 221, nikapata 519,350. Zote mbili nimezipeleka Pongwe. Kuna kiwanja huko, hakijapimwa bado, bei tulipatana 1,500,000 kwa awamu tatu: laki tano Desemba 2024, laki tano Juni 2025 kutoka kwenye pesa ya ovaloku, laki tano Desemba 2025. Ile ya kwanza iliyopungua niliijazia kwa kushona. Kila awamu tumeandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, majirani wa pande zote nne wakashuhudia mipaka, na nakala moja anayo dada yangu, yuleyule wa karatasi. Awamu ya mwisho niliilipa siku ya tatu baada ya kuvunja. Pesa ililala kwangu usiku miwili, na usiku miwili hiyo sikumwambia mtu.

Atakayetaka kujiunga na kikundi cha hisa mahali popote, mimi ningemwambia ahudhurie kikao kimoja kama mgeni na atazame mambo madogo. Nafasi tupu kwenye daftari zinapigwa mstari? Daftari zinabaki sandukuni? Watunza funguo ni ndugu wa mwenyekiti? Wasiojua kusoma wanaulizwa, au wanakaa kimya? Na wanavunja mwezi gani, na mwezi huo kazi yako wewe inahitaji nini? Ikiwa wanavunja kwenye sikukuu na wewe unalima, pesa yako itakufika wakati shamba haliihitaji.

Mzunguko wa tano tumeanza Januari 2026, tuko 22, hisa tumeipandisha hadi 3,000. Kiwanjani nimepanda mihogo wakati nasubiri matofali. Jumapili asubuhi nakwenda Pongwe kupalilia, saa kumi jioni niko mkekani na kichupa changu cha mafuta ya cherehani, namba 17.